Flashi Nyuma ya Goli

Jumatano, 1 Novemba 1961

Picha nne za kitambulisho, bibi harusi mmoja, na mzee wa Magu aliyekataa katakata kuvua kofia. Mvua tangu saa nane. Dawa ya kusafishia filamu imebaki nusu chupa. Mto Mirongo umefurika, unanuka mpaka studio.

Barua kutoka Dar! Mhariri wa gazeti amejibu. Sikutegemea. Anasema picha zangu za timu ni safi lakini hazimfai, watu kumi na mmoja wamepanga mstari, mikono kifuani, kama wanangoja kuchanjwa. Anataka mpira unaochezwa. Anataka mtu aliye hewani. Nikimpelekea picha moja ya namna hiyo kutoka mechi yetu ya Mwanza na Bukoba, tarehe kumi na moja, atanifanya mpigapicha wake wa Jimbo la Ziwa.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu kwa sauti. Sina wa kumsomea.

Alhamisi, 2 Novemba

Kamera yangu ina lenzi moja, fupi. Kwa nyuso inatosha. Mchezaji akiwa katikati ya uwanja anatoka mdogo kama dagaa.

Nimekwenda dukani kwa Kanji, anayeuza kamera na kutengeneza saa. Kwenye kabati la kioo vitu viwili. Lenzi ndefu ya Kijerumani, ya mtumba, milimita mia moja thelathini na tano, ina mkwaruzo kidogo pembeni. Na flashi mpya, bakuli lake linakunjuka kama upepeo. Uwezo wangu ni wa kimoja. Hata nikiuza baiskeli, kimoja.

Kanji akasema, "Chukua lenzi, Bwana Picha. Lenzi inakaa miaka. Flashi inakula globu kila siku, kama mke wa pili." Akacheka, halafu akakumbuka kwamba hata huyo wa kwanza sina tena, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Watu hufanya hivyo. Mwaka wa nne sasa tangu Veronika afariki na bado wanafuta vioo.

Nikaacha saa yangu ya mkono kama rehani, nikaondoka na lenzi ya kujaribia.

Jumapili, 5 Novemba

Misa ya pili. Sospeter amekuja kula, kama kila Jumapili. Nimepika sato na ugali wa muhogo. Sato niliunguza upande mmoja. Akala upande ulioungua, akaniachia mzuri. Ndivyo alivyo.

Ni mdogo wake Veronika, karani wa mizani kwenye kiwanda cha pamba, golikipa wetu tangu nikiwa na nywele. Ana miaka thelathini na mitatu. Ndiye ndugu pekee niliye naye mji huu. Asipokuja yeye Jumapili, wiki nzima huwa sijaongea na mtu jambo lisilohusu kidevu juu, kidevu chini.

Leo alikuwa na habari. Siku ya mechi watakuwepo watu wawili kutoka Dar, wanachagua wachezaji wa kwenda kucheza kwenye sherehe za Uhuru. "Shemeji, hii ndiyo ya mwisho kwangu," akasema. "Nikienda Dar, basi, hata nikistaafu nitastaafu mtu."

Nikamwambia habari ya mhariri. Akapiga paja. Nikasema ninayemtaka hewani ni yeye, si mwingine. Nikainua kamera nimjaribie pale pale. Akaziba uso kwa sahani. Akasema ni mwiko, kabla ya mechi hapigwi picha mchezaji yeyote wa Mwanza, nguvu inabaki ndani ya kamera. "Filimbi ikishalia, piga unavyotaka."

Tutaona. Nitampa picha atakayozeeka nayo.

Jumanne, 7 Novemba

Jana nilijaribu lenzi kwenye mazoezi ya vijana wa shule, uwanja wa Nyamagana. Picha thelathini na sita, nimezisafisha leo asubuhi. Loo! Za saa kumi, jua likiwaka, nzuri, unaona hata mishipa ya shingo. Za saa kumi na moja, wingu lilipotoka ziwani, uji mtupu. Lenzi ndefu za bei yangu zina kasoro hiyo. Zinaleta mbali karibu lakini zinakunywa mwanga. Ukitaka ndefu inayoona gizani, hiyo bei yake ni ya nyumba.

Ingekuwa Agosti ningeichukua macho yamefumbwa. Novemba hii wingu halikosi hata siku moja, na mechi zetu hazijawahi kuanza kwa wakati tangu mpira uletwe.

Nikafikiri hivi. Flashi haiombi jua. Ubaya wake mmoja tu, mwanga wake unafika hatua saba, nane. Zaidi ya hapo unamulika nyasi. Kwa hiyo lazima nisimame karibu. Karibu wapi? Karibu na goli. Na mtu ninayemtaka anakaa wapi? Golini!

Nimerudisha lenzi. Nimechukua flashi na globu kumi na mbili. Kanji akaguna. "Rahisi huvunja upishi," akasema. Mhindi ananipiga methali. Nikamjibu kwamba mimi napika kila siku na bado sijafa.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimejaribu globu mbili. Ya kwanza ilipolipuka mama aliyekuja na mtoto wake kupigwa picha alikimbia, akaacha khanga na kiatu kimoja cha mtoto. Nimevirudisha mpaka sokoni. Hakutaka kunisogelea. Nikaviweka juu ya gunia la michembe, viazi vyake vikavu, nikarudi zangu.

Ya pili nikaichomoa kwa mkono mtupu. Vidole viwili vimetoka malengelenge. Globu moja ni pigo moja, ikishawaka imekufa, na inachoma kama kaa. Nichomoe kwa leso, nichomeke nyingine. Nimefanya mazoezi ya kubadilisha macho yamefumbwa, nahesabu. Sekunde sita. Jana zilikuwa kumi na moja.

Nafanya haya peke yangu mchana kutwa na mlango umefungwa. Mtu akichungulia atasema nimerukwa na akili.

Jumamosi, 11 Novemba

Niandike yote.

Bukoba walifika asubuhi kwa meli. Saa kumi na nusu wakakataa kupita lango la uwanja, wanasema langoni kuna kitu kimefukiwa. Wakaruka ukuta. Wetu nao wakasema kama ni hivyo na sisi turuke. Refa akafukua, akatoa kokwa la embe. Mabishano. Mechi ikaanza saa kumi na moja na robo, wingu limetanda, mwanga wa chai ya rangi. Moyoni nikajipongeza kwa flashi. Mjinga mimi.

Mzee Rajabu, fundi cherehani na mwenyekiti wa kamati ya timu, alikuwa ametangaza kama kawaida kwamba asisimame mtu nyuma ya goli letu, wala kitu kinachong'aa kisiletwe karibu. Nilimsikia vizuri sana. Nikasema moyoni, hayo ni ya wenye hirizi, mimi nina barua ya gazeti. Miaka kumi na tano naingia harusini, msibani, kwa mkuu wa wilaya, hakuna anayemzuia mwenye kamera. Nikapiga magoti ubavuni mwa nguzo ya kushoto, hatua moja nyuma ya mstari. Mtu mwenye akili angekaa kwenye goli la Bukoba. Lakini mimi nilimtaka Sospeter.

Globu nane nilizitumia. Alidaka, akapangua, akalala juu ya miguu ya watu. Timu zilipobadilishana magoli nikahama naye. Hakunitazama hata mara moja. Moja kwa moja mpaka zikabaki dakika kama tano. Saa moja kasorobo. Mtu wa Bukoba akapiga kutoka mbali, shuti la kawaida kabisa, la kubahatisha. Nikabonyeza. Mwanga na kelele vikaja pamoja.

Goli.

Sospeter akajishika macho kwa mikono yote miwili. Akazunguka. Akaninyooshea kidole. "Amenipofusha! Huyu! Amenipofusha!"

Hakusema shemeji.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Mawe. Mtu alinipiga ngumi ya shavu. Kamera niliifutika ndani ya shati nikailalia. Askari wawili wakanitoa kwa mlango wa nyuma. Flashi imekanyagwa, imebaki bati.

Mbili moja, Bukoba.

Jumapili, 12 Novemba

Misa. Kwenye benchi langu nimekaa peke yangu, kushoto wazi, kulia wazi. Padri alihubiri juu ya taa iliyowekwa chini ya pishi. Watu wakageuka kunitazama.

Nimepika kwa watu wawili. Sospeter hakuja. Saa tisa nikafunika chakula. Saa kumi na mbili nikakimwaga.

Jirani amenieleza kinachosemwa sokoni, na amekieleza kwa raha. Mama yangu ni Mhaya wa Bukoba. Ndiyo, kila mtu anajua, hata sikuficha. Sasa wanasema wajomba zangu walikuja na ile meli wakaniletea mwanga wa dawa. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wanavyoniimbia. Mama yangu alikufa mwaka wa arobaini na saba. Hajawahi kuona mpira.

Nina hasira. Na shavu linauma.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimesafisha filamu.

Nilitaka kuitupa. Halafu nikasema, globu nane zimeniletea ngumi ya shavu, angalau nione nilichonunua. Za kwanza saba za kawaida. Ya nane niliitazama ikiwa bado imelowa, nikaitazama tena kwenye kioo cha taa, halafu nikaichapa kubwa, karatasi ya mwisho niliyokuwa nayo.

Ni picha bora niliyowahi kupiga maishani. Nasema hivyo bila aibu. Kila uzi wa wavu unaonekana. Ni nyavu za wavuvi zilizochakaa, zimeshonwa kwa kamba. Mpira umo ndani ya wavu. Umeshaingia. Wavu umevutika nyuma yake kama mfuko.

Na Sospeter amesimama wima. Mikono chini. Uso wake unaonekana kwa ubavu, jicho liko wazi kabisa, anatazama mbele, juu, kule mpira ulikotoka. Bado anautafuta.

Nimekaa chini kwenye sakafu ya chumba cha giza. Mtu yeyote atakayeiona picha hii ataelewa, maana mwanga uliowaka ndio huo huo uliopiga picha. Hakuna mwanga mwingine. Kama mpira ulikuwa wavuni nilipowasha, basi flashi yangu haikumfanya lolote. Alikuwa ameshafungwa. Hakuruka kwa sababu hakuuona.

Hakuuona, shuti la kawaida, mtu aliyedaka mipira ya umande na ya mvua.

Halafu likaniingia jambo jingine. Mwaka huu wote amekuwa akiondoka hapa saa kumi na moja. Zamani alikaa mpaka saa tatu, tukicheza bao. Siku hizi chai hajaimaliza, anatazama dirishani, anasimama. Anasema ana uchovu. Nilidhani amenichoka mimi. Nilishaandika hata maneno ya kumwambia asijilazimishe kuja.

Kumbe jioni haoni.

Jumatano, 15 Novemba

Siku ya pili bila mteja hata mmoja. Kioo cha mbele kimevunjwa na jiwe. Bibi harusi wa juzi amemtuma kaka yake kuchukua picha zake, akazipokea kwa ncha za vidole.

Kamati imeniita Jumamosi, nieleze mbele ya watu.

Nieleze? Nitaeleza! Nina karatasi moja tu ya kuweka mezani, nao watafyata mkia. Huyo golikipa wao alisimama kama nguzo ya simu, halafu akanirushia mimi mzigo. Alinisikia napigwa. Alinisikia! Nimemlisha miaka minne. Dada yake alinifia mikononi na huyu nilimshika yeye asianguke kaburini.

Nimeandika bahasha ya Dar. Picha imo ndani. Mhariri alitaka mtu hewani, nitampa mtu aliyesimama, atalia kwa furaha.

Ijumaa, 17 Novemba

Nilikwenda posta. Foleni ndefu. Nikafika dirishani, karani akanyoosha mkono. Nikasema nimesahau stempu. Karani akasema stempu zinauzwa hapa hapa. Nikatoka.

Nikaenda kiwanda cha pamba. Sospeter alikuwa mizanini, amezungukwa na wakulima na magunia. Nikasema nina neno naye. Hakuinua kichwa. Akawaambia wenzake, "Huyu simjui." Sauti ilikuwa ndogo. Mkono wake ulikuwa umeshika jiwe la mizani, haukuliweka wala kuliacha.

Nikarudi kwa miguu. Bahasha ilikuwa ikinikwaruza kifuani njia nzima.

Nikiionyesha, mji utanirudia. Studio itafunguka, na gazeti pengine. Naye watasema ameuza mechi. Hawatasema macho, kwa nini waseme macho wakati kuna neno tamu zaidi? Dar hataiona. Na hata kazi ya mizani, nani atamwacha karani asiyeona vizuri asome mizani ya watu? Kwangu hatakuja tena milele.

Nisipoionyesha, vilevile haji. Basi potelea mbali, iko wapi faida yangu?

Jumamosi, 18 Novemba

Imekwisha.

Ukumbi wa klabu, saa tisa. Watu kama hamsini. Mzee Rajabu mezani na futi yake ya kitambaa shingoni, ametoka kazini. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba yake ilichelewa. Sospeter alikaa nyuma karibu na dirisha. Bahasha ilikuwa ndani ya koti langu.

Mzee Rajabu si mjinga. Aliuliza swali moja, lile lile. "Bwana Picha, uliwasha kabla ya mpira kuingia, au baada?"

Nikamtazama Sospeter. Alikuwa akitazama viatu vyake. Ana kisogo cha dada yake, sijui kwa nini sikuwahi kukiona. Mstari ule ule wa nywele.

Nikasema, "Kabla."

Filamu iko wapi? Imeungua. Nilitumwa na Bukoba? La. Nilijua katazo la nyuma ya goli? Nilijua. Kwa nini nikalivunja? Kiburi. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, nikalisema kwa nguvu.

Wakaguna sana. Hukumu, nisikanyage uwanja wowote wa mpira wa Mwanza na kamera, na niombe radhi kwa golikipa mbele ya watu. Nikaomba. Nikampa mkono. Akaupokea.

Mle ndani tulikuwa wawili tu tuliojua kwamba nimedanganya.

Ijumaa, 24 Novemba

Majina yamesomwa redioni jana. Sospeter yumo. Treni inaondoka tarehe mbili.

Leo saa nne asubuhi alikuja. Si Jumapili, si saa ya kula. Alisimama mlangoni kwenye vioo vilivyovunjika.

"Ile filamu kweli iliungua?"

Nikasema haikuungua. Nikampa bahasha. Akaitoa picha, akaisogeza kwenye jua. Akaitazama muda mrefu, mrefu kiasi cha maji ya chai kuchemka na kupungua. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na maneno ya wiki mbili. Nikatia majani ya chai.

Akaniuliza tangu lini najua. Nikasema tangu Jumatatu ile. Akasema, "Kabla ya ukumbi." Nikasema ndiyo, kabla ya ukumbi.

Akaifutika picha ndani ya shati. Akaondoka. Chai hakunywa.

Niliona uso wake. Afadhali angenitukana. Sasa nimekuwa mtu anayemdai, na hakuna anayependa kula mezani kwa mtu wa namna hiyo. Nilidhani ninamhifadhi. Labda nilikuwa namfunga kamba.

Jumapili, 26 Novemba

Nimepika. Hakuja.

Jumanne, 28 Novemba

Mzee Rajabu amekuja dukani, kofia mkononi. Amekaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kwa hali ya hewa. Nikajua kuna jambo.

Jana Sospeter aliingia kwenye kikao cha kamati, akaweka picha juu ya meza. Akawaambia watazame mpira uko wapi. Akawaambia jioni haoni, mwaka wa pili sasa, mchana hana shida, jua likishuka anasikia mpira kwa masikio. Akawaambia aliogopa. Akaomba jina lake lifutwe, aende golikipa wa pili, bado kijana huyo. Kiwandani pia ameaga. Jana hiyo hiyo mchana akapanda meli ya Nansio, kisiwani kwa mama yake.

"Tulikuonea, Bwana Picha," akasema Mzee Rajabu. "Na wewe ukatuacha tukuonee. Una roho ya namna gani?"

Nikamwambia sina roho yoyote, nina hamu ya kufunga duka. Mzee wa watu akainuka. Mlangoni akasema atamtuma fundi wa kioo, kwa gharama ya kamati.

Sospeter hakuniaga. Bandari iko hatua mia tano kutoka hapa.

Jumatatu, 4 Desemba

Wateja mpaka uani. Kila mtu anataka picha ya Uhuru, suti mpya, magauni mapya, mtoto ameshikishwa kibendera. Wananisalimia kwa mikono miwili. Yule mama wa michembe naye amekuja, amecheka mwenyewe habari ya kiatu. Nimecheka naye. Alipoondoka uso wangu ukarudi ulivyokuwa.

Barua ya pili kutoka Dar. Mhariri amesikia kuna picha. Habari zinakimbia kuliko posta. Anaitaka kwa bei yoyote ya haki.

Nimemjibu kwamba hakuna picha. Halafu nikaikata ile filamu kwa mkasi, vipande vidogo, nikavitia jikoni kwenye mkaa. Inawaka vibaya, moshi mweusi.

Sikulia. Ila ilikuwa picha nzuri, Mungu wangu. Ilikuwa picha nzuri.

Jumamosi, 9 Desemba

Tumejitawala. Ngoma tangu alfajiri, ving'ora vya meli, watu wanakumbatiana barabarani na wasiowajua. Mimi pia nimekumbatiwa, mara tatu, na mtu mmoja aliyenuka bia alinibusu shavu lile lililopigwa.

Nimefurahi. Naandika ili nikumbuke kwamba nilifurahi. Furaha ilifika mpaka kizingiti cha nyumba ikaishia hapo. Ndani kuna sufuria, kitanda, na redio.

Meli ya Nansio ipo keshokutwa asubuhi.

Jumatatu, 11 Desemba. Nansio

Sikuja na kamera. Watu wa melini wameniuliza kama naumwa.

Mama mkwe amezeeka. Ameniona kwa mbali, akajifunika upande wa uso kwa kitenge, nikainama nikamwamkia nikiwa bado njiani, kama inavyopasa. Amesema nimekonda. Amesema mihogo ya mwaka huu ni mizuri. Habari ya mpira hakuigusa.

Sospeter alikuwa shambani. Aliporudi jua linazama. Tukasalimiana, nyumbani kwema, safari njema, mvua za huko. Kila mmoja akitazama pembeni ya mwenzake. Halafu akaingia ndani.

Mkwe hali mbele ya mama mkwe. Kwa hiyo mimi nikatengewa uani, stuli, sahani ya samaki ningu, ugali, maji ya kunawa. Ndani wakapakuliwa wao. Nikasikia vyombo. Niliwahi kula pale uani na Veronika akinichungulia kwa mlango, ananicheka. Leo nikanawa, nikakaa, sikumega. Giza likaanza kuingia, nikafikiri, basi, nimekuja, nimeonekana, kesho nirudi.

Mlango ukafunguka. Sospeter alitoka na sahani yake mkono mmoja. Mkono wa pili aliupitisha ukutani, polepole, akihesabu matofali. Ukuta ulipokwisha akasimama.

"Uko wapi, shemeji?"

"Niko hapa."

Akaifuata sauti. Nikamsogezea stuli, nikakaa chini kwenye mkeka. Tukala.